Mali Bila Daftari: Hotuba juu ya Maonyesho ya Nyumba za Mitaa

Iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisaju



Halmashauri ya Chama imeniagiza niseme mbele yenu juu ya shauri la nne katika orodha ya mkutano wa leo, yaani maonyesho ya historia ya nyumba za kupanga za serikali na maisha ya watu waliokaa ndani yake. Nafahamu kwamba wako wanachama wanaouliza moyoni, na wengine wamekwisha kuniuliza kwa mdomo: chama cha ustawi kina haja gani na maonyesho? Kazi yetu ni kuzikana, kuuguzana na kusaidiana karo za watoto. Makumbusho ni kazi ya serikali na ya wataalamu. Swali hilo ni la haki, nami nitajitahidi kulijibu bila ya kuwachosha.

Kabla ya kuwaomba ninyi kitu, sina budi kuungama kosa langu mwenyewe. Mimi ni karani. Kazi inayonipa chakula ni kutunza karatasi za watu wengine: kuzipanga, kuzitia nambari, na kuhakikisha kwamba mtu aliyekuja kuuliza jambo la miaka kumi iliyopita haondoki mikono mitupu. Marehemu babu yangu alipanga chumba katika mtaa mmoja wa zamani, upande wa mashariki wa Nairobi, na marehemu baba yangu akalelewa humo, kisha akakirithi. Baba alipofariki tulirudisha chumba, na kazi ya kukisafisha ikaniangukia mimi. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati lililojaa stakabadhi za kodi za mwezi baada ya mwezi, kadi za chama cha kuzikana, na picha za watu waliovaa suti wakiwa wamesimama karibu na bomba la maji. Niliona ni takataka. Nilizichoma zote nyuma ya nyumba, na kazi hiyo haikuchukua nusu saa.

Mwaka uliofuata binti yangu aliagizwa na mwalimu wake apeleke shuleni kitu kimoja cha kale cha jamaa yake, akieleze mbele ya wenzake. Nilipekua nyumba nzima hapa Kisaju, nisipate hata karatasi moja. Mtoto alikwenda na sufuria tuliyoinunua Kitengela, akawaambia wenzake kwamba ilikuwa ya nyanya wa baba yake. Nilipopata habari hiyo niliona haya, kwa maana aliyemfundisha uongo ule ni mimi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa fedha, na mweka hazina wetu huirudia kila mwaka. Leo nataka kuitumia kwa mali nyingine, nayo ni maisha ya watu waliotutangulia mjini.

Tutazame habari yenyewe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa muda mrefu wakuu wake walimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia, aliyekuja kufanya kazi na ambaye angerudi kwao kazi itakapokwisha. Mpita njia hajengewi nyumba. Huonyeshwa mahali pa kulala. Fikira hiyo moja ndiyo iliyoamua ukubwa wa vyumba, idadi ya vyoo na kiasi cha ujira kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Manispaa ilipima viwanja vya Pumwani, na wenyeji wakajijengea nyumba zao wenyewe kwa udongo na miti. Ijulikane kwamba miongoni mwa wenye nyumba hizo, kama ilivyokuwa katika kijiji cha Pangani kabla yake, walikuwamo wanawake wengi. Mwaka 1929 zilikuja nyumba za Kariokor, mahali palipopata jina lake kutoka kwa jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Hizo zilikuwa mabweni. Mtu alilipia nafasi ya kitanda. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilivunjwa, na ndipo Shauri Moyo ilipojengwa ili kuwapokea waliohamishwa. Katika miaka ya 1940 zikafuata Starehe, Ziwani na Kaloleni. Reli nayo ilikuwa na nyumba zake kwa ajili ya wafanyakazi wake, hasa zile za Muthurwa na Makongeni.

Kaloleni ilikuwa na sura tofauti. Hapo nyumba zilipangwa kwa ajili ya watu wenye jamaa, zikazunguka nyanja zenye nyasi na miti, na katikati pakawekwa ukumbi na huduma nyingine za wakazi. Mpango mkuu wa mji uliotolewa mwaka 1948 uliendeleza wazo hilo la mtaa unaojitosheleza, wenye shule, maduka na mahali pa kukutania. Lakini mshahara ulibaki nyuma ya ramani. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza ujira wa Waafrika, ilieleza wazi kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, ikashauri upimwe kwa mahitaji ya jamaa. Ndugu wanachama, tafakarini neno hilo. Mtu alikuwa na mke na watoto wanne, na katika hesabu ya serikali alikuwa yu peke yake.

Mwaka huo huo wa 1954, tarehe 24 Aprili, ulianza msako ulioitwa Anvil, na watu maelfu walichukuliwa kutoka katika mitaa hiyo wakapelekwa kambini. Mitaa iliyojengwa siku zile ilipewa majina ya madiwani wawili waliouawa katika Hali ya Hatari: Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Majina hayo tunayataja kila siku tupandapo matatu, pasipo kukumbuka kwamba yalikuwa majina ya watu. Maonyesho yetu hayatachagua habari tamu tu na kuziacha zile chungu.

Hayo niliyoyasema yamo katika vitabu na majalada, na mwenye kutafuta atayapata. Yasiyo katika majalada ndiyo yanayonishughulisha. Serikali ilijenga vyumba. Mtaa ulijengwa na wakazi. Manispaa iliweka bomba moja kwa nyumba nyingi, kwa sababu lilikuwa rahisi. Akina mama wakalifanya bomba hilo kuwa mahali pa kupashana habari za mgonjwa, za mtoto aliyepotea na za kazi iliyopatikana. Chumba kilihesabiwa kuwa cha mtu mmoja au wawili. Wenyewe wakakigawa kwa pazia, wazazi wakalala upande huu na watoto upande ule, na kijana aliyetoka shamba kutafuta kazi akatandikiwa mkeka sakafuni mpaka apate pake. Watoto wa makabila yote walicheza katika uwanja mmoja, na kwa kuchanganya maneno ya nyumbani mwao na ya shuleni wakasaidia kuzaa Sheng, ambayo sisi wazazi tunaikemea asubuhi na kuisema jioni.

Aidha, vyama kama hiki chetu vilikulia pale pale. Mtu akifa mjini, maiti yake ilipaswa kusafirishwa, na hakuna tajiri aliyelipa gharama hiyo. Ililipwa kwa senti za vyama. Luo Union ilipotaka kumkumbuka marehemu Ofafa ilichanga fedha, likajengwa jumba la ukumbusho lenye jina lake katika mji wa Kisumu. Tena katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama mbele ya watu waliokusanyika akatoa azimio la kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Wiki chache baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Waliojenga ukumbi ule walikusudia watu wapumzike baada ya kazi. Wakazi waliutumia kwa jambo kubwa zaidi.

Kwa nini basi tufanye haraka? Kwa sababu nyumba hizo zinaondoka. Pangani imevunjwa mara mbili: mara ya kwanza kijiji kile cha miaka ya 1930, na mara ya pili zile nyumba za Manispaa zilizokuja baadaye, ambazo zilipisha maghorofa mapya ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2020. Mitaa mingine ya umri huo imekwisha kutajwa katika mipango ya kujengwa upya. Mimi sisemi nyumba mpya zisijengwe. Kila mwenye ajira hapa huona katika hati yake ya mshahara ile asilimia 1.5 inayokatwa kwa sheria ya nyumba ya mwaka 2024, na mtu anayelipa ana haki ya kutaka nyumba. Paa linalovuja halistahili kuhifadhiwa kwa sababu tu ni la zamani. Lakini nyumba ikivunjwa pasipo kuandikwa, huvunjwa pamoja na watu wake.

Muthurwa ni funzo. Mwaka 2010 wapangaji wa nyumba zile za reli walianza kuondolewa kwa nguvu. Baadhi ya nyumba zikabomolewa, na maji na vyoo vikaharibiwa. Wapangaji walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Uamuzi huo husomwa leo na wanafunzi wa sheria. Mimi kama karani nauona kwa jicho jingine: mtu anayesimama mbele ya hakimu kusema, “Nimeishi hapa,” huulizwa, “Kwa ushahidi gani?” Stakabadhi ya kodi, picha na kadi ya kliniki ya mtoto ni sauti ya mtu asiye na hati ya kumiliki. Nami sauti ya babu yangu niliitia moto.

Wako waliotutangulia katika kazi hii. Katika mji wa Chicago, huko Marekani, serikali ilijenga mwaka 1938 nyumba za kupanga zilizoitwa Jane Addams Homes. Kumbukeni kwamba ndiyo miaka ile ile ya Shauri Moyo. Baada ya miaka mingi nyumba hizo zilibomolewa, likasalia jengo moja. Wapangaji wa zamani walikataa habari zao zibaki katika magazeti peke yake, ambamo waliandikwa kama maskini na wahalifu tu. Walishikilia shauri lao kwa muda mrefu, na mwezi wa Aprili mwaka 2025 jengo lile la mwisho lilifunguliwa kuwa makumbusho ya taifa ya nyumba za umma. Ndani yake vimepangwa upya vyumba vya jamaa waliokaa humo, wa asili mbalimbali, kila chumba na vyombo vya wakati wake. Mgeni huingia na kuona meza ya chakula, redio na kitanda, akafahamu kwamba hapa palikaa watu kama yeye. Kwetu Nairobi nako maktaba ya Kaloleni imekarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa makubaliano na serikali ya kaunti, na watoto wa mtaa wanasoma humo. Basi jambo hili si ndoto.

Mtauliza tena, kwa nini Kisaju, wala si Nairobi? Kwa sababu watu wako hapa. Wengi wetu tulionunua viwanja kati ya Kitengela na Isinya tulizaliwa au tulilelewa katika mitaa ile, na masanduku ya wazazi wetu tumehama nayo. Nyumba zimebaki Nairobi, na vyombo vyake vimo katika stoo za Kisaju, vikiliwa na panya.

Liko pia jambo la adabu. Nchi hii tuliikuta na wenyewe. Kabla ya mashamba ya jumuia kugawanywa katika miaka ya 1980, na kabla ya viwanja vyetu vya mita chache kuzungushiwa ua, palikuwa na maboma ya Wamasai, na wanyama wa porini walipita kutoka mbuga ya Nairobi kwenda malishoni na kurudi. Katika boma la Kimasai nyumba, yaani enkaji, hujengwa na mwanamke kwa fito, udongo na samadi ya ng’ombe, naye ndiye mwenye nyumba. Kwa hiyo Halmashauri inaona kwamba maonyesho ya nyumba yakifanywa Kisaju bila ya enkaji kuwa ya kwanza mlangoni, tutakuwa tumewafanyia wenyeji wetu kama vile Manispaa ilivyowafanyia babu zetu, yaani kuwahesabu kana kwamba hawapo. Mama zetu wa hapa wamekwisha kuombwa, nao wamekubali kutujengea moja na kutueleza kazi yake.

Sasa nieleze mpango wenyewe. Tumeahidiwa darasa moja kwa muda wa juma moja la likizo. Maonyesho yatakuwa na sehemu nne. Ya kwanza ni nyumba ya mwenyeji, kama nilivyosema. Ya pili ni chumba kimoja cha mtaa wa zamani, kilichochorwa sakafuni kwa chokaa kwa vipimo vyake vya kweli, na ndani yake kitanda, pazia, stovu, debe la maji, pasi ya makaa na sanduku la bati, ili mtoto asimame ndani na kujionea mwenyewe watu sita walivyolala. Ya tatu ni karatasi na picha. Ya nne ni viti viwili, ambapo kila jioni mzee mmoja ataketi na kijana mmoja mwenye kalamu, naye mzee atasema na kijana ataandika.

Kila kitu kitakachotolewa kitaandikwa katika daftari kwa nambari, jina la kitu, jina la mwenye nacho, mtaa kilikotoka na habari yake kwa maneno ya mwenyewe. Mwenye kitu atapewa stakabadhi. Juma likiisha kila kitu kitarudi kwa mwenyewe, isipokuwa akipenda kukiacha. Karatasi zitapigwa picha, wala hazitabandikwa ukutani kwa gundi. Picha ya mtu aliye hai haitawekwa pasipo ruhusa yake. Nasisitiza haya kwa sababu najua jinsi kitu cha mtu kinavyopotea katika mkono wa jumuia.

Gharama ni ndogo: chokaa, kamba, madaftari, chai ya wazee na mshahara wa mlinzi wa usiku. Mweka hazina ameiweka katika makadirio mliyonayo mikononi, nayo haigusi hata senti moja ya mfuko wa mazishi.

Bwana Mwenyekiti, nina neno moja la mwisho, nalo linahusu shauri la tano, juu ya kiwanja cha Chama. Wako wanaosema kiwanja hicho kijengwe vyumba vya kupangisha ili Chama kipate mapato. Wako wanaosema ujengwe ukumbi kwanza. Sisemi kwa niaba ya Halmashauri katika hili, nasema kama mwanachama. Tumekuja Kisaju kila mmoja na uzio wake, na bomba lake, na lango lake la chuma. Tumepata kile ambacho wazazi wetu walikikosa. Lakini jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta aliugua siku tisa nisijue, na nyumba ya babu yangu, ambayo ukuta wake ulikuwa mwembamba hata ukasikia kikohozi cha jirani, jambo hilo lisingaliwezekana. Manispaa ya kikoloni, pamoja na ubahili wake wote, iliweka ukumbi Kaloleni. Je, sisi tuliojitawala tutajenga vyumba vitupu, tuwaachie watoto wetu mahali pa kulala pasipo mahali pa kukutania? Naomba mlifikirie kabla ya kupiga kura.

Na kuhusu maonyesho, sihitaji kura peke yake. Nahitaji mwende nyumbani leo, mwiname, mtazame chini ya vitanda na nyuma ya makabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkikuta sanduku la bati, msilichome. Nileteeni mimi. Daftari liko tayari, na ukurasa wa kwanza nimeuandika mwenyewe. Umeandikwa hivi: Nambari 1. Sanduku la stakabadhi za kodi, la marehemu babu yangu. Halipo. Lilichomwa na mjukuu.

Nataka kurasa zinazofuata ziwe na kitu.